Sifa Inayolifuata Jina

Majina ya watu sitayaandika hapa. Ninayo yote, ya walio hai na ya waliokwenda, hata ya wale waliopita kwetu siku moja wakiomba maji ya kunywa. Lakini jina la mtu ni lake, na sikumuomba ruhusa. Ya ng'ombe nitayaandika. Ng'ombe hana neno.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe thelathini na moja mwaka nilioolewa. Tulikaa hapa Burungu, upande wa mlima unaopata jua mapema, na kazi ya nyumba yetu ilikuwa maziwa. Kwetu mwanamke hakamui. Baba na kaka yangu walikamua kule bomani, mimi na mama tulikuwa ndani na vyombo: kuviosha, kuvifukiza moshi wa majani makavu ili maziwa yawe na harufu nzuri, kutikisa kibuyu mpaka siagi ijikusanye. Kila chombo kilipofika, kaka alisema jina tu pale mlangoni. "Gaju." "Bihogo." "Gitare." Nilipokea nikaweka mahali pake. Hivyo njo nilivyojua majina yote, kwa mikono, kwa uzito wa chombo na joto la maziwa. Gaju alijaza mpaka juu. Sine alitoa kidogo, lakini yake njo yalikuwa na siagi.

Jina halikuwa yote. Kila ng'ombe alikuwa na sifa yake, maneno machache ambayo mchungaji alimtungia kule malishoni. Sifa zilikuwa kitu cha wachungaji. Sisi wasichana tulizisikia kwa mbali tu, zikichanganyika na mbwa na watoto na mchi wa jirani. Jioni kaka alisimama kando ya mlango wa boma na fimbo yake. Aliita jina kwanza, peke yake, kwa nguvu. Ng'ombe akiinua masikio na kuanza kutembea, hapo alimfuatishia sifa kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na mwenzake njiani. Kisha jina lingine. Mwisho baba aliweka miti ya kufunga mlango, moja juu ya nyingine, na tulikula.

Baba alikuwa na sheria moja, na hakuirudia mara mbili kwa mtu. Sifa haisemwi bila jina mbele yake. Ilisemwa peke yake siku moja tu, siku ng'ombe amekufa ao ametolewa kwenda kwa wengine. Siku hiyo kaka alisimama pale pale mlangoni akasema sifa bila jina, mara moja, na hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa ndani, nikageuza chombo cha huyo ng'ombe mdomo chini.

Siku niliyoolewa, watu wa bwana wangu walitoka Ngungu. Ni watu wa shamba, wa viazi na maharagi, lakini walileta ng'ombe mzuri sana, na baba alimpa jina mbele ya wageni wote: Keza. Aliingia kwa mlango wa boma wakati mimi natoka kwa mlango wa lopango, ua wa nyumba yetu. Jina lake nililisikia. Sifa yake sikuisikia kamwe, maana mchungaji hamtungii ng'ombe sifa siku ya kwanza. Anamwangalia miezi kwanza. Wakati kaka alipoipata, mimi nilikuwa Ngungu nikijifunza kupanda viazi kwenye mteremko bila kuanguka.

Ng'ombe hao hawako tena. Waliisha kama ng'ombe wengi wa huku walivyoisha, na sisi tulihama, tukarudi, tukahama. Kaka alikaa miaka mingi Itebero, kwa binti yake, katika msitu ambako ng'ombe hakai, na macho yake yalizimika kule. Mimi nilibaki Ngungu mpaka bwana alipofariki. Halafu mtoto wangu mwanaume akajenga Burungu, nikamfuata, na mwaka uliofuata kaka naye alirudishwa. Tukajikuta wazee wawili, kila mmoja kwenye kilima chake, mwendo wa nusu saa, pale pale tulipoanzia.

Nilimuuliza habari ya Keza mara ya kwanza tulipokaa peke yetu.

"Sifa ya ng'ombe yenye haiko?" alisema. "Nitamuimbia nani, dada? Majani?"

"Unisemee miye tu."

"Weye si ng'ombe. Weye njo bibi ya watu wa viazi."

"Viazi vyenyewe njo unakula sasa hivi."

Alicheka, akaendelea kula. Lakini sifa hakuisema, wala ya Keza wala ya mwingine. Nilimuuliza tena Pasaka, na tena wakati wa mavuno. Alikuwa amefunga mdomo. Na mimi nilianza kuhesabu umri wake na wangu, nikaona kwamba akiondoka hivi, sehemu ile ya baba yetu inaondoka naye, na Keza anabaki kwangu jina tupu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alisomea informatike, elimu ya kompyuta, kule Goma. Kazi yake ni kutengenezea watu kurasa za kwenye internet: duka la dawa, shule, padri mmoja mwenye kwaya. Alikuja kupumzika kwetu wiki mbili, na mashine yake ndani ya begi, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Tulikuwa tunachambua maharagi. Nilimtajia ng'ombe wa babu yake mkubwa, mmoja mmoja, kama ninavyofanya mikono ikiwa na kazi isiyohitaji akili.

"Koko," aliniita hivyo, kama watoto wa mjini wanavyoita nyanya zao, "unazijua zote?"

"Majina, zote. Sifa, sita tu. Zile zilikuwa fupi na kaka alizisema kwa nguvu."

Aliacha maharagi. Alisema tutatengeneza ukurasa wa ng'ombe wa baba, ili watoto wa ukoo walioko Goma na Kampala na mbali zaidi wafungue na wasome. Kwa hizi sita tutaanza. Koko mwanaume, yaani kaka yangu, akisikia sita, huenda atatoa zingine. Sikumwambia habari ya Keza. Nilisema tu kwamba wazo lake ni zuri.

Nimeona watu wengi wakifanya kazi. Nimeona fundi aliyeweka paa la kanisa bila kipimo na mvua haikuingia. Mjukuu wangu akikaa kwenye benchi chini ya dari, waya wa sola ukipita dirishani, nilimtazama kwa heshima ile ile. Hakuchora kitu. Aliandika. Kila neno alilifungulia mlango wa alama mbili zilizokaa kama midomo ya ndege wawili wanaotazamana, akaliweka, akafunga mlango nyuma yake. Alinieleza bila kuchoka. Hii yenye h na moja ni kichwa kikubwa cha ukurasa, kinakuwa kimoja. Yenye h na mbili ni vichwa vilivyo chini yake. Yenye h na tatu viko chini zaidi. Yenye p ni maneno ya kawaida, aya. Lugha yenyewe inaitwa HTML, na kazi yake ni kuiambia mashine kila neno ni nani katika nyumba.

"Ni nani, ao linaonekana namna gani?" nilimuuliza.

"Ni nani, Koko. Kuonekana ni kazi ingine." Alisema vizuri. Siku ile hakujifuata mwenyewe, na mimi sikujua.

Juu kabisa aliandika *Ng'ombe za Baba*. Chini yake aliweka msemo mdogo wa kupamba, *Kundi la Burungu, kama lilivyoingia jioni*. Halafu Gaju, kwa herufi nzito, na chini ya Gaju sifa yake kwa herufi ndogo kidogo zilizolala, rangi ya udongo wa njiani: *Mwenye kutangulia mvua*. Chini ya hapo habari nilizomsimulia: mwaka aliozaliwa, ndama zake, tabia ya kulamba ukuta. Halafu Bihogo, *Mgongo usiokaliwa na kunguru*. Gitare, *Taa ya walioachwa nyuma*. Na wengine watatu, Bugondo, Sine, Nkungu. Sifa nilizigeuza kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili, maana watoto wa mjini hawasikii nyingine. Aliponionyesha, nilisogea karibu. Kila jina lilisimama, na sifa yake ilikaa chini yake kama ilivyopaswa. Niliona ni kazi nzuri kuliko paa la kanisa.

Kesho yake mchana tulikwenda kwa kaka. Nyumba yake iko karibu na kanisa, na pale rezo, mtandao wa simu, inashika. Anayo telefone inayosema, inayomsomea yaliyoandikwa. Mwalimu mmoja wa huko Itebero alimfundisha kuitumia, na anaitumia kuliko wenye macho. Sauti yake ni ya mwanamke mwenye Kiswahili cha mbali, safi sana, na kaka anamwita "mama wa Pwani" na anagombana naye.

Mjukuu wangu alimfungulia ukurasa, akamuwekea telefone mkononi. Nilitaka aanze kusoma toka juu. Kaka alinikataza kwa kidole.

"Nyie wenye macho munasoma sawa ng'ombe inakula, jani kwa jani. Miye ninapita juu kwanza. Ninaomba vichwa tu. Nikijua nani na nani wako ndani, njo nachagua nisimame kwa nani."

Alivuta kidole. Mama wa Pwani akasema: *Ng'ombe za Baba, kichwa.* Kaka alitabasamu. Akavuta. *Kundi la Burungu, kama lilivyoingia jioni, kichwa.*

"Huyu ni ng'ombe gani?"

"Si ng'ombe, kaka. Endelea."

*Gaju, kichwa.* Uso wake ulifunguka. Niliona hivyo kwa macho yangu, na nitakumbuka. Akavuta tena. *Mwenye kutangulia mvua, kichwa.*

Kidole kilisimama. Alirudi nyuma, akaenda mbele. *Bihogo, kichwa. Mgongo usiokaliwa na kunguru, kichwa.* Alienda mpaka mwisho, na alikuwa anahesabu na kidole gumba juu ya vidole vingine, kama alivyohesabu bomani.

"Dada, mumeweka ng'ombe ngapi?"

"Sita."

"Ukitoa kile cha juu, huyu mama ametaja kumi na tatu."

"Anataja na sifa."

"Anazitaja peke yake." Alisema polepole. "Anasema Gaju, ananyamaza, halafu anaanza upya na sifa, sawa yenye kusimama mwenyewe mulangoni. Gaju alikufa mara ngapi kwenu?"

Hapo nilielewa. Kwa macho, sifa ilikuwa imekaa chini ya jina lake, huwezi kuzitenganisha. Kwa masikio yake kila moja iliitwa peke yake, mbele ya boma lote, bila jina. Tulikuwa tumemsomea vifo sita.

Aliweka telefone juu ya meza, uso chini.

"Mujukulu," alimwambia mtoto, na hakuwa na hasira, ilikuwa vibaya zaidi ya hasira, "asante kwa kazi. Miye sina kitu cha kuongeza humo."

Watu wengi pale wangejitetea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mjukuu wangu alisema, "Koko, naomba telefone yako kidogo." Akafumba macho, akaishika karibu na sikio, akavuta kidole kama alivyoona kaka anavuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudia. Alipofumbua macho alisema, "Ni kosa langu. Nilichagua kwa macho."

"Kosa si dhambi," kaka alimjibu. Lakini hakuomba telefone irudi kwenye ule ukurasa.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa ninafikiri kwamba nimepoteza Keza kwa kumtaka sana. Ningemwacha kaka na viazi vyake, labda siku moja angejisemea tu, akiota jua.

Mjukuu wangu hakungoja tupumzike. Alikaa kwenye benchi ile ile na kufungua mashine.

"Nitakuonyesha vile nilifanya, Koko. Sifa nilizipa h na tatu kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Nilipenda vile inatoka ndogo kidogo na nzito. Lakini h ni cheo. Ukimpa muntu cheo cha kichwa, mashine inafikiri yeye anafungua mlango wake, ana habari zake chini yake. Ona sasa, habari ya Gaju kulamba ukuta, mashine inafikiri iko ya sifa, si ya Gaju. Na ule msemo wa juu niliupa h na mbili, umekuwa ng'ombe wa kwanza."

"Na ukubwa wa herufi?"

"Ukubwa ni nguo. Nguo naweza kumvalisha yeyote."

Alijaribu kwanza kuweka sifa ndani ya kichwa kile kile cha jina, mstari mmoja. Alifurahi, maana sasa vichwa vilikuwa sita. Akaniuliza kama ni sawa. Nilifumba macho kama alivyofanya yeye kwa kaka, nikamwambia anisomee vichwa tu, haraka. Akasoma: Gaju mwenye kutangulia mvua, Bihogo mgongo usiokaliwa na kunguru.

"Hapana," nilimwambia. "Kaka aliita jina peke yake. Aliyetaka kupita upesi alipita kwa majina. Sifa ilikuja kwa yule aliyesimama tu, yule aliyejibu. Ukifunga yote pamoja, atalazimika kusikia sifa ya kila mmoja ili amfikie Nkungu. Hivyo si kuita, ni kusoma daftari la ubatizo."

Mjukuu wangu aliufuta ule mstari.

"Jina lisimame," alisema. "Sifa isisimame, lakini isiachwe."

"Abebwe," nilimwambia. "Mutoto kwenye mgongo hahesabiwi kati ya wanaotembea. Lakini nani atasema hayuko?"

Alicheka, akaniambia kuna namna. Alama yake inaitwa hgroup, ni kama kitenge cha kubebea. Ndani yake unaweka kichwa, na pamoja nacho maneno ya kawaida, yale ya p, yanayokuwa sifa ao msemo ao jina la pili. Kichwa kinabaki kimoja. Maneno yanakaa pamoja nacho bila kuwa na cheo. Hakunidanganya: alisema mashine nyingi hazitangazi kile kitenge kwa sauti, zinakipita kimya, na kazi kubwa inafanywa na ile p. "Lakini mimi nitaiweka. Hata kama mashine haitasema, iliyoandikwa iwe kweli."

Hapo nilimpenda zaidi ya siku zote. Ni maneno ambayo baba angeyasema.

Alibadilisha zote, pamoja na ule msemo wa juu, akauweka kwenye kitenge kimoja na *Ng'ombe za Baba*. Halafu alizirudishia nguo zao, herufi zilizolala, rangi ya udongo. Nilipotazama, ukurasa ulikuwa ule ule wa jana. Hakuna mwenye macho ambaye angejua kwamba kuna kitu kimefanyika. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ile, kazi yote ile kwa ajili ya mtu asiyeweza kuuona ukurasa, na wenye kuuona hawatajua kamwe.

Kilichobaki kilikuwa changu. Nilingoja siku mbili, nikajaza chombo kimoja mashanza, maziwa yaliyoganda vizuri, nikakifukiza kwanza kwa yale majani ya mama. Tulimkuta kaka amekaa nje. Alinusa kabla sijasalimia.

"Umefukiza."

"Nimefukiza."

"Watu wa viazi wanajua hiyo?"

"Watu wa viazi wamenifundisha mengine. Hii nilitoka nayo."

Alikunywa nusu. Nilimwambia mtoto ametengeneza. Alisema hataki tena kusikia matanga. Nilimwambia, "Kaka, weye njo ulinifundisha mulangoni. Ulisema jina, miye nikapokea. Leo miye ninasema, weye pokea. Ukisikia moja imesimama bila jina, utazima, na sitakuuliza tena siku zote zenye zimebaki." Nilikuwa ninamaanisha, na alijua.

Alinyoosha mkono. Mjukuu wangu alimpa telefone.

*Ng'ombe za Baba, kichwa.* Akavuta. *Gaju, kichwa.* Akavuta, na bega lake lilikuwa limekaza. *Bihogo, kichwa. Gitare, kichwa. Bugondo. Sine. Nkungu.* Mama wa Pwani alinyamaza, hakuna zaidi. Kaka alirudi mwanzo akapita tena, sasa haraka, kidole kinaruka, majina yanaingia moja nyuma ya lingine: Gaju, Bihogo, Gitare, Bugondo, Sine, Nkungu. Mara ya tatu alisimama kwa Gaju. Alibadilisha namna ya kuvuta, ile ya polepole, ya kula jani kwa jani. Sauti ikasema maneno ya kawaida, bila kutangaza kichwa: *Mwenye kutangulia mvua.* Na ikaendelea na habari za ndama na ukuta.

"Anaitamka vibaya," kaka alisema. "Si hivyo. Na muliikata. Iko na upande wa pili."

"Sisi tulisikia upande huo tu," nilimjibu. "Mbwa walikuwa wanabweka."

"*Mwenye kutangulia mvua, na mvua ikimfuata inauliza njia.* Andika hiyo."

Mjukuu wangu alikuwa ameshafungua mashine.

Ilichukua alasiri tatu. Mimi nilisema jina, nikanyamaza. Kaka alikaa kichwa chini kidogo, kama anasikiliza kwato, halafu akatoa sifa kwa lugha ya nyumbani, na mimi nikaigeuza, na mtoto akafungua mlango, akaweka, akafunga. Nyingine zilikuja na kicheko. Ya dume mmoja ilikuwa na neno ambalo sikuligeuza, na kaka alimwambia mtoto, "Koko wako anakuibia." Moja aliikosa kabisa, akaniambia tuirudie kesho, na kesho yake aliisema kabla sijakaa.

Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Nilikuwa ninapanga majina kwa namna yangu, kama vyombo, na kimoja nilikiacha nyuma.

Alasiri ya tatu tulifika thelathini. Nilinyamaza. Mjukuu wangu alidhani tumemaliza, akaanza kunyoosha mgongo.

"Umebakiza moja," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba hukumtungia."

Alingoja, na nilielewa kwamba anangoja jina, maana bila jina hawezi kuanza.

"Keza," nilisema.

Aliisema kwa sauti ile ya chini, ya kutembea na mtu njiani. Kwa Kiswahili inakuwa hivi: *Aliyepishana na dada mlangoni, akageuka kuitazama njia yake.*

Nilimuomba airudie. Aliirudia. Akaniambia kwamba Keza, mwezi wote wa kwanza, kila jioni alipoingia bomani aligeuka na kusimama, akitazama upande ambao watu wa Ngungu walitokea, na baba alikataza mtu kumsukuma. Wao walidhani anakumbuka kwao. Kaka peke yake, aliyekuwa na miaka kumi na sita na hakuwa tena na dada wa kumpokea chombo mlangoni, alifikiri vingine, na alimtungia hivyo, na hakumwambia mtu.

Sikuweza kuigeuza vizuri mara ya kwanza. Mjukuu wangu alingoja mikono ikiwa juu ya mashine. Nilipompa maneno, aliandika jina na cheo chake, na sifa pamoja nalo, bila cheo, ndani ya kitenge kimoja. Nilimuuliza kama naweza kuona. Akageuza mashine. Herufi zilizolala, rangi ya udongo wa njiani, kama za wengine wote. Sikuomba ziwe kubwa zaidi.

Kaka alichukua telefone yake. Tulingoja ukurasa ufunguke upya, rezo ilikuwa inakuja na kwenda. Halafu akaanza kuvuta kidole, na mama wa Pwani akaita, na kaka akahesabu kwa kidole gumba juu ya vile vingine, na hata majirani waliopita na ndizi walisimama kidogo. Alivuta mpaka sauti ikakosa wa kuita.

"Thelathini na moja," alisema. "Wameingia wote. Weka miti."

Mjukuu wangu alinitazama. Nilimwambia anataka mlango ufungwe.

"Nimeshafunga, Koko," alimjibu. "Kila mmoja."